Mama mpishi wa Kitulo na viazi vya chikanda

Nikiwaambia watu niliwahi kwenda kambi ya mazingira kule Kitulo nikiwa mtu mzima na watoto nimewaacha nyumbani wanashangaa, kambi wanajua ni ya skauti na wanafunzi, mtu mzima anaendaje kulala kwenye hema kwenye baridi ile na kalipa hela yake mwenyewe. Mi nilienda na ningeambiwa niende tena kesho nafunga begi usiku huu huu. Ilikua mwezi wa pili, miaka michache kabla ya korona, kikundi cha watu wazima watupu, walimu, manesi, kaka mmoja wa benki, mzee mmoja mstaafu wa TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, tukakutana Mbeya mjini tukapanda gari mpaka Chimala, pale ndo unaiacha lami unaanza kukwea ile barabara ya Hamsini na Saba kwenda Matamba. Kona 57 juu ya mlima, ukiangalia chini unaliona bonde la Usangu lote na joto lake, wewe huku juu ushaanza kutafuta sweta. Mzee wa TAZARA alikua anahesabu kona kwa sauti, ilipofika kama ya arobaini akanyamaza, tope lilikua limeanza.

Kitulo yenyewe sijui niielezeje kwa mtu ambae hajafika. Ni uwanda uko juu kabisa, kama mita 2,600 hivi, miti hakuna, nyasi tu na maua, na mwezi wa pili maua yanakua yamejaa, mekundu, ya njano, ya zambarau, mengine madogo mpaka upige magoti ndo uyaone. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kua hifadhi ya taifa 2005 na sababu kubwa ni hayo maua, sio simba wala tembo, maana hapo simba hakuna, unatembea kwa miguu yako asubuhi mpaka jioni. Kuna jamii ya maua inaitwa okidi, nyingine zinaota juu ya miti, sasa hizi za kuota ardhini tu ziko aina kama 45. Mi nimekulia Mbeya, hapo pua na mdomo, na nilikua sijawahi kukanyaga, na nusu ya kikundi kizima walikua hivyo hivyo. Hili linaniuma mpaka leo, tunajua kupeleka wageni Ngorongoro wakati hiki cha kwetu hatukijui.

Siku za mwanzo tulikua na dada mmoja mtaalam wa mimea, msomi kabisa, na askari wa hifadhi, tunatembea tunasimama tunaangalia. Yule dada alikua anajua haswa, anakuonyesha ua anakwambia jina la kisayansi, hii ni Disa, hii Satyrium, hii Habenaria, tunaandika kwenye madaftari yaliyolowa. Mvua inanyesha kila mchana, ukungu unashuka humuoni mwenzio hatua kumi mbele. Jioni tunarudi kambini tunakuta moto, ugali, maharage, viazi mviringo vya Makete vile vinavyopasuka vikiiva, na chai ya tangawizi.

Sasa aliekua anapika alikua ni mama mmoja wa Matamba, mama wa makamo kwenda uzeeni, mpole, kajifunga mashuka mawili na buti za mvua. Sisi wote tulikua tunamwita mama, yeye anatuita wanangu, hata mzee wa TAZARA nae alikua mwanangu. Asubuhi ukitoka kwenye hema kabla hujamwamkia anakuwahi na "kamwene" yake na kikombe cha chai. Siku hiyo ninayotaka kuisimulia tulikua tunaenda upande ambao na yeye alikua anapita kurudi kijijini kuchukua unga, basi akaungana na sisi, ndoo tupu kichwani.

Kuna sehemu barabara imekata mlima na mvua ya usiku ilikua imeangusha udongo. Kwenye ule udongo ulioporomoka kulikua na mche wa okidi umening'inia, mizizi yote nje. Dada mtaalam akafurahi maana ndani ya hifadhi huruhusiwi kuchimba kitu, na hapa mvua imechimba yenyewe. Akauliza nani anajua hivi vitu viwili vya duara ni nini. Kimya. Afu nyuma yetu mama akashusha ndoo akasema taratibu, hicho kilichonyauka ndo cha mwaka jana, hicho cheupe kigumu ndo cha mwaka kesho.

Dada akageuka. Akamuuliza, mama umejuaje. Mama akasema, "mwanangu, mi nimevichimba hivyo tangu mabinti zangu wako mgongoni."

Kama hujui habari ya chikanda ni hivi. Upande wa Zambia vile viazi vya okidi vinasagwa vinachanganywa na karanga na pilipili vinapikwa vinakua kitu kigumu unakata vipande, chakula cha heshima kabisa huko kwao. Okidi za kwao zikapungua, wanunuzi wakavuka mpaka pale Tunduma wakaja mpaka vijiji vya huku juu, na kwa miaka mingi magunia yalikua yanatoka Kitulo yanashuka, viazi mamilioni kwa mwaka. Aliekua anachimba ni nani, ni kina mama kama huyu, kwa mkono na kijiti, kwa hela ya daftari na ya chumvi.

Basi mama akaanza kuongea na hakuna aliemkatisha. Alisema wanunuzi walikua wanataka kile cheupe tu, kilichonyauka hawakitaki, kwahiyo ukichimba mche mzima unachukua kile cha mwaka kesho, na wao walikua wanakirudisha kile cha zamani na jani lake kwenye shimo wanafukia, wakiamini kitaota. Hakikuota. Mwaka unaofuata unaenda mbele zaidi, na mwingine mbele zaidi, mpaka ikawa mtu anaondoka alfajiri anarudi usiku na debe halijajaa. Akatuonyesha jinsi ya kuitambua okidi ikiwa jani tu bado haijatoa ua, unapitisha mkono chini ya jani unasikia unene wake, akazunguka pale pembeni akatuonyesha moja, nyingine, nyingine, sehemu ambayo sisi tulikua tumeshapita na madaftari yetu tukaona majani tu. Dada mtaalam alikua amechutama anaandika. Yaani yeye ndo alikua anaandika sasa.

Kaka wa benki akauliza swali ambalo nadhani wote tulikua nalo, kwanini watu wasipande tu shambani kama viazi mviringo wakauza kihalali. Mama akasema tulijaribu, nilihamishia uani kwangu vikafa. Na dada ndo akaeleza sababu, mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba ya chakula ndani, inahitaji kuvu fulani waliomo kwenye udongo wake waisaidie kuota, ukiitoa kwenye udongo ule umeitenga na wanaoilisha. Mama alikaa kimya kidogo, afu akasema kumbe. Akaomba arudie. Dada akarudia polepole, na nikaona hawa wawili kila mmoja alikua na nusu ya habari miaka yote hiyo na hakuna aliewakutanisha.

Usiku pale kwenye moto maongezi yote yalikua hayo. Askari wa hifadhi akakumbusha habari ya kipunji, yule nyani wa misitu ya Rungwe na Livingstone, kwamba watafiti walitangaza 2005 wamepata aina mpya, mwaka uliofuata akapewa jenasi yake kabisa, yaani kundi lake peke yake kisayansi, lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikua wanamtaja kwa jina hilo hilo la kipunji siku zote na ni maneno yao ndo yaliwafanya watafiti waingie msituni kumtafuta. Mzee wa TAZARA akasema sasa kwanini mama huyu tumemuweka kwenye sufuria. Alisema kwa hasira kidogo na mi nilikua upande wake asilimia mia.

Kesho yake waandaaji tukawakalisha. Tulisema wazi, tumelipa hela kujifunza maua, na mtu anaejua maua yanakaa wapi yuko jikoni analipwa ya kupika. Walijitetea kwamba hana cheti cha kuongoza wageni, mi nikasema basi atembee na mwenye cheti, na alipwe sawa nae, dada mtaalam akaunga mkono akasema yeye hatoki bila mama. Walikubali. Sufuria tukagawana zamu, manesi walipika wali ukaungua chini, ukaliwa. Mama akatembea mbele na fimbo, na siku hiyo hiyo akatuonyesha mbayuwayu wa buluu, hao wanakuja huku kuzaliana msimu wa mvua na wanajenga ndani ya mashimo ardhini, alijua shimo lao lilipo kwa sababu zamani alikua anapita hapo na debe. Hatukusogea karibu, alitukalisha mbali kwenye nyasi na mvua ikitunyeshea mpaka yule ndege akatoka.

Kuna binti mmoja mwalimu alimuuliza kama anajisikia vibaya kwa kuvichimba. Alijibu kwamba wanae wanne wamesoma, na kwamba wakati ule hakuna mtu alikuja kumwambia kitu, walikuja wanunuzi tu. Mi naona hilo jibu lilitosha na nashukuru hakuna aliembishia.

Mwaka uliofuata walipoandaa tena jina la mama lilikua kwenye orodha ya waongozaji, la pili baada ya dada mtaalam. Mi sikupata ruhusa kazini nikalia kweli, mdogo wangu ndo akaenda, nikampa sweta zote mbili na buti, nikamwambia ukifika usianze na hema, anza na kumwamkia mama.