Bunduki ya babu ilitoka duka gani?

Bunduki ya marisau ya marehemu babu, mitutu miwili, anaimiliki baba mdogo hapa Magomeni kwa leseni. Miaka yote tuliambiwa ilikuwa ya Mjerumani. Juu ya mtutu imeandikwa "Army & Navy C.S.L.", tukadhani jeshi. Kumbe duka! Ushirika wa maofisa wa jeshi, wa London, ulioanzishwa 1871; C.S.L. ni "Co-operative Society Limited". Jina lenye C.S.L. liliachwa 1934, kwa hiyo iliuzwa kabla ya hapo.

Nilikwama kwenye namba ya bunduki yenyewe, ya kuitafutia kwenye madaftari ya duka. Nilinakili 12 iliyo ndani ya alama ya almasi, chini ya mitutu. Hicho ni kipimo cha tundu tu, bunduki maelfu zinacho. Baba mdogo ndiye aliyesugua kutu kwenye chuma kinachozunguka kifyatulio, kwa mafuta ya taa na mswaki (wangu, nilijua baadaye). Tarakimu tano zikajitokeza.

Madaftari ya mauzo yanatunzwa Chuo Kikuu cha Glasgow. Nikawaandikia barua pepe, nikaambatisha picha. Jibu likaja na tarehe ya mauzo na jina la mnunuzi, Mwingereza. Baba mdogo akalisoma mara mbili.

"Haya, Mjerumani wetu kafa leo."