Unalipwa kutembea peponi: siku yangu moja Alhambra

Kila nikituma picha ya kazini, rafiki zangu wa Unguja hunijibu kwamba mimi nalipwa kutembea peponi. Haya, nawapa siku moja ya Julai hapa Alhambra, ngome ya kale ya masultani wa Kiislamu mjini Granada, Hispania, muione hiyo pepo.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naswali, nakunywa chai, nafungua orodha. Wageni 14 kutoka Maskati, wengi wazee waliozaliwa Unguja na Pemba. Watu hudhani mtembeza wageni kazi yake ni kusimulia historia. Kusimulia ni starehe. Kazi ni orodha. Tiketi ina jina la mtu, mlangoni wanataka pasipoti, na kuingia majumba ya masultani wa ukoo wa Nasri kuna saa yake maalumu. Ukiikosa umeikosa. Yetu leo ni saa tatu na nusu asubuhi.

Saa mbili na nusu nipo chini hotelini, nahesabu. Kumi na tatu. Hayupo mjukuu wa Ami. (Wote wanamwita Ami, nami nikafuata.)

"Katangulia huyo, vijana hawatulii," Ami akanihakikishia. Nikapiga simu, haikupokelewa. Tukapanda basi dogo la kwenda juu, tukaingia kwa Lango la Haki, ambalo Sultani Yusuf wa Kwanza alilijenga mwaka 1348.

Saa tatu kasoro kidogo tupo karibu na mlango wa majumba. "Pasipoti mkononi, wazee wangu." Kumi wakatoa. Ami, mkewe na binti yao wakatazamana.

"Anazo kijana."

Kijana gani, Ami? Huyu tusiyemwona? Nilipiga simu mara saba. Ya nane akapokea, sauti ya mtu aliyefunikwa shuka. "Dada, bado mapema. Umetuandikia saa mbili na nusu. Sasa hivi ni saa tisa tu!"

Nilinyamaza kidogo. Mtoto kazaliwa Maskati, Kiswahili kajifunzia kwa bibi yake, saa kajifunzia shuleni. Saa tisa yake ni saa tatu yangu, na saa mbili na nusu yangu kwake ni mchana baada ya chakula. Kosa la nani? Wallahi sijui. Nikamwambia avae chochote, achukue pasipoti zote nne, apande teksi.

Dakika ishirini na tano zile zilikuwa ndefu kuliko mwezi wa mshahara. Siwezi kuingia na kumi nikaacha watatu, siwezi kumwomba mlinzi, maana mlinzi ananijua na jibu lake nalijua. Jua limeanza. Bi mkubwa mmoja akaniuliza, "Mwanangu, tumelipa kusimama?" Nikawaonyesha kasri la Mfalme Charles wa Tano pembeni yetu, lilianza kujengwa mwaka 1527, nje pembe nne, ndani ua wa duara. Hakuna aliyetazama. Wote macho njiani. Binti wa Ami ananiomba radhi kila dakika, mama yake anamlaumu baba, Ami anasema picha za pasipoti zimo kwenye simu yake, si zinatosha? Hazitoshi, Ami. Nimeshakwambia, Ami.

Kijana akatokea anahema, ndala miguuni, watu wa zamu yetu wanaanza kuingia. Sikumsemesha. Nilihesabu: kumi na nne.

Ndani nikasema niliyozoea kusema: dari la Ukumbi wa Mabalozi lina vipande 8,017 vya mbao, ua wa Simba ni kazi ya Muhammad wa Tano, simba 12 na nguzo 124. Ila Ami alikuwa amesimama ukutani anasoma. Kwa sauti, taratibu, kidole hewani: *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akahamia mstari unaofuata, na unaofuata. Watalii wengine hupita wakidhani ni maua ya lipu. Nilizima kipaza sauti changu. Alipomaliza nikawaambia kwamba Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika na mji huu pia, na Ibn Juzayy aliyemwandikia safari zake alikuwa mtu wa Granada, walikutana hapahapa. Ami akatikisa kichwa tu. "Kumbe jirani."

Baada ya hapo saa sizijui tena. Bustani za Generalife, joto, choo, maji, hesabu, choo. Mwaka gani masultani walishindwa? Januari 2, 1492. Kwa nini hamna vitanda? Nyama ya halali iko wapi? Hesabu. Adhuhuri tuliiswali mtaa wa Albaicín, kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, na kutoka pale ngome yote inaonekana ng'ambo, nyekundu kweli kama jina lake. Watu wanapiga picha, mimi nimekaa kwenye jiwe nimevua viatu.

Maghrib hapa wakati huu wa mwaka hupita saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo siku haiishi upesi. Miguu ipo kwenye beseni la maji ya chumvi. Kesho nina wageni 22, na sita bado hawajanitumia namba za pasipoti. Napiga simu.