Pikapu iliyokuwa haichemki kamwe

Pikapu yangu ni ya petroli, ina injini ya lita 2.4 na gia tano za mkono, na ilitoka kiwandani mwaka 1996. Siku niliyoinunua iliwaka mara tu nilipozungusha ufunguo, haikutoa moshi wala kugonga, na kasoro pekee niliyoambiwa na aliyeniuzia ni kwamba "inapenda mafuta kidogo." Mwezi mmoja ulinitosha kutambua kwamba neno "kidogo" lilikuwa limetumika kwa ukarimu mkubwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua vipuri kabla ya kupima chochote. Nilibadilisha plagi zote nne, nikaweka chujio jipya la hewa, nikamimina kwenye tangi chupa ya dawa ya kusafishia nozeli, na nusura ninunue sumaku ya kufunga kwenye bomba la petroli, ambayo muuzaji aliapa kwamba hulainisha mafuta kabla hayajafika kwenye injini. Pikapu iliendelea kunywa kama ilivyozoea. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba katika injini ya kabureta chujio lililoziba huvuruga kweli mchanganyiko wa hewa na mafuta, lakini injini yangu ina kompyuta inayopima hewa inayoingia na kutoa petroli kwa kadiri ya hewa hiyo, kwa hiyo chujio chafu huipunguzia gari nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji.

Nilinunua daftari. Kila nilipojaza mafuta nilijaza hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, bila kuongeza matone ya kusukumiza, nikaandika lita zilizoingia na kilomita zilizotembewa, kisha nikarudisha mita ya safari kwenye sifuri. Nilijitahidi pia kurudi kwenye pampu ileile, kwa sababu gari likiinama upande mmoja tangi halijai sawasawa. Tangi moja halitoshi kukuambia ukweli, ndiyo maana nilichukua wastani wa matangi matatu. Wastani huo ulikuwa kilomita 288 kwa lita 48, yaani kilomita 6 kwa lita, na mzigo niliokuwa nikibeba haukuwa wa kutisha hata kidogo.

Hata hesabu hiyo haikuwa sahihi. Mwenye gari wa awali alikuwa ameweka matairi makubwa kuliko ya kiwandani, nami sikulitilia maanani jambo hilo hadi siku moja nilipolinganisha mita ya gari na nguzo za kilomita barabarani. Nguzo zilipokamilisha kilomita 20, mita ilikuwa inaonyesha 18.8. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mita, ambayo kazi yake ni kuhesabu mizunguko tu, hailijui hilo. Maana yake ni kwamba kilomita 6 zangu zilikuwa takriban 6.4 halisi. Nilifurahi kidogo kwa kupata nafuu bila kushika spana, ingawa tatizo lenyewe lilikuwa bado palepale, na tangu siku hiyo kila namba ninayoiandika daftarini huwa nimeirekebisha kwanza.

Matairi yenyewe yalikuwa na upepo hafifu; mawili ya nyuma yalisoma 22 mahali palipotakiwa 30. Niliyajaza asubuhi kabla ya kuendesha, kwa kuwa tairi lililopata joto hudanganya kipimo. Jambo hilo ni dogo na halihitaji maelezo marefu.

Gurudumu la mbele kushoto ndilo lililohitaji subira. Jioni moja nilirejea kwa barabara tulivu ambayo karibu haikunidai breki, nikasimama, nikasogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Tatu zilikuwa na uvuguvugu. Ile ya nne ilitoa joto kama jiko, pamoja na harufu ya breki iliyoungua. Nilipoinua upande huo kwa jeki na kujaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, lilisogea robo mzunguko likagoma. Tulipolifungua tuliona kwamba pini ambazo kalipa, yaani kibanio cha pedi za breki, inatakiwa kuteleza juu yake zilikuwa zimekauka na kushika kutu, vifuniko vyake vya mpira vimepasuka, na pedi ya ndani imelika hadi karibu na chuma ilhali ya nje ilikuwa bado nene. Kila kilomita niliyotembea, injini ilikuwa ikivuta pikapu huku breki ikiirudisha nyuma. Fundi alisafisha pini kwa msasa laini, akaweka mipira mipya na grisi maalumu ya breki inayohimili joto, akabadilisha pedi za pande zote mbili, na alipolisukuma gurudumu kwa kidole lilizunguka karibu mara mbili kabla ya kusimama. Tukalegeza pia waya wa hendibreki, uliokuwa umekazwa kupita kiasi. Daftari likapanda hadi 7.1.

Nilitaka kuishia hapo, na pengine ningeishia, kama si geji ya joto. Mshale wake ulikuwa haujawahi kufika katikati. Hata baada ya safari ya saa nzima uliganda juu kidogo ya alama ya baridi. Watu walionipa pongezi kwa kuwa na pikapu isiyochemka walikuwa wengi, nami nilizipokea pongezi hizo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Siku fundi alipofungua kifuniko mahali inapokaa thamostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, alichungulia, akacheka, akasema, "Bosi, humu ndani hamna kitu." Mtu fulani kabla yangu aliona injini ikipandisha joto, akaing'oa thamostati na kuyaacha maji yazunguke ovyo wakati wote.

Madhara yake hayaonekani kwa macho. Injini ikiwa baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, ndiyo maana kompyuta huongeza mafuta hadi sensa ya joto iiambie kwamba injini imeshapata moto. Injini yangu haikupata moto kamwe, na kompyuta iliendelea kuilisha kana kwamba kila wakati ni asubuhi ya kuwasha gari. Sehemu ya petroli hiyo hata haiungui, bali huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa, harufu ya petroli ilikuwa dhahiri, nikajilaumu kwa kutokinusa tangu siku ya kwanza.

Thamostati mpya tuliijaribu kabla ya kuifunga. Niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nikawasha moto, nikasubiri. Ilikaa imefumba hadi maji yalipokaribia nyuzi 82, kisha vali yake ikaanza kusogea taratibu na kufunguka. Hata hivyo fundi alikataa kuifunga siku hiyohiyo, na alikuwa na haki. Aliyeing'oa ya zamani alikimbia tatizo ambalo bado lilikuwapo, yaani rejeta iliyoziba, na kurudisha thamostati bila kusafisha rejeta kungeniletea injini iliyochemka kweli na pengine gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Rejeta ilisafishwa, kifuniko chake kilichochoka kikabadilishwa, tukajaza kulanti badala ya maji ya bomba, na oili ikamwagwa yote pamoja na chujio lake. Sasa mshale hufika karibu na katikati baada ya dakika chache na kutulia hapo. Matangi matatu yaliyofuata yalinipa wastani wa 8.

Ikabaki sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi. Hii humwambia kompyuta kama mchanganyiko una mafuta mengi au machache, ili ausogeze kuelekea uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Injini ikiwa na joto, umeme wake hutakiwa kupanda na kushuka bila kukoma kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, lakini yetu ilining'inia karibu na 0.8 kwa muda mrefu. Usomaji huo peke yake haumaanishi kwamba sensa imekufa, kwani huenda inasema kweli kuhusu mafuta mengi. Kwa hiyo fundi alichomoa mpira mwembamba wa hewa ili injini ipate hewa ya ziada, akatazama mita ya volti. Sensa nzima ingeshuka papo hapo. Hii ilijikokota sekunde kadhaa, na tulipoitoa tuliikuta imefunikwa na masizi meusi, matokeo ya miaka ya kulishwa mchanganyiko mzito. Mpya iliniongezea hadi 8.6, nami nakiri kwamba kama ningeibadilisha kabla ya thamostati, ingepata masizi yaleyale.

Mengine yalikuwa yangu mwenyewe. Nilishusha fremu ya mabomba iliyokuwa imesimama juu ya kabati la dereva bila kazi, nikaondoa vyuma chakavu vilivyokuwa vimegeuka wakazi wa kudumu nyuma, na nikaacha kukimbiza mwendo wa 110 pale ambapo 90 unanifikisha, kwa sababu ukinzani wa upepo kwenye 110 ni takriban mara moja na nusu ya ule wa kwenye 90. Mteremkoni nilikuwa na tabia ya kutia gia huru nikidhani naokoa mafuta. Kumbe kwenye injini ya aina hii, ukiachia mafuta gari likiwa ndani ya gia, kompyuta hukata petroli kabisa, ilhali kwenye gia huru lazima injini ilishwe ili isizimike, tena breki ndizo zinazobeba uzito wote. Kuendesha na mlango wa nyuma ukiwa umelazwa nilikujaribu kwa matangi mawili na sikuona tofauti.

Daftari sasa linasoma kati ya 9 na 9.2. Wiki chache zilizopita lilishuka ghafla hadi 8.6 bila mzigo wowote wa ziada, nikazunguka pikapu na kipimo cha upepo mkononi. Tairi la nyuma kulia, ambalo kwa kulitazama tu lilionekana zima kabisa, lilisoma 19, na kwenye kashata zake kulikuwa na msumari uliozama hadi kichwani.