Kalkuleta ya kidato cha tano: ijaribu dukani kabla hujalipa

Kalkuleta ya kuchora grafu, kama TI-84 Plus, ni kifaa kizuri, lakini inapokea programu. Mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa Advanced Mathematics unaruhusu kikokotoo kisichopokea programu, na KCSE ya Kenya vilevile, ikiongeza kwamba kisitoe sauti. Mwanafunzi wa IB, mtaala wa kimataifa, ndiye anayeihitaji. Wa tahasusi zenye hisabati, yaani PCM, PGM au EGM, anaweza kuiacha bila kupungukiwa na kitu.

Inayomfaa ni Casio fx-991MS. Usichukue fx-82MS kwa kuwa ni ya bei rahisi: haina intigrali, haina matriksi, wala haitatui milinganyo. Mwanafunzi wa BAM (Basic Applied Mathematics) naye atajuta akifika kwenye kalkulasi. fx-570MS ina kazi zilezile za 991MS ila haina sola, kwa hiyo betri ikikata roho katikati ya mtihani, basi. fx-991ES PLUS huonyesha sehemu na vipeuo kama vinavyoandikwa daftarini, na ukitaka desimali unabonyeza S⇔D. Ni nzuri, ila darasa zima likitumia MS, mwenye ES atapotea mwalimu anapotaja vitufe.

Bandia zimejaa madukani, na maandishi ya kwenye vitufe vyake hufutika mapema. Ukiwa kaunta na 991MS mkononi, anza kwa kuisafisha: SHIFT, CLR, 3, kisha =. Bonyeza 1 ÷ 2π bila kuweka alama ya kuzidisha. Inatakiwa itoe 0.159154943, kwa sababu mashine hii huizidisha 2π kwanza. Kisha ingia SD, hali ya takwimu (MODE mara mbili, halafu 1), uingize 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9, kila namba ukiifuatisha M+. SHIFT 2 1 = ikupe wastani 5, na SHIFT 2 2 = ikupe mchepuko (standard deviation) 2. Ikitoa kitu kingine, rudia mara moja kwa utulivu. Ikikosea tena, irudishe kwa muuzaji.

Makosa yanayokula alama yanatokana zaidi na mipangilio kuliko ubovu wa mashine. Kubwa kuliko yote ni digrii na radiani. Tafuta intigrali ya sin X kutoka 0 hadi π. Juu ya kioo kukiwa na R, jibu ni 2. Kukiwa na D, utapata takriban 0.086, na mashine haitakuonya kwa neno hata moja. Mwanafunzi analinakili jibu hilo kwa moyo mweupe. Kwa hiyo kabla ya swali lolote la kalkulasi lenye sin, cos au tan, bonyeza MODE mara nne, chagua 2, uione R kwa macho yako.

La pili ni takwimu za swali lililopita. Ukiwa SD, data haziondoki zenyewe, na wastani mpya unachanganyika na wa zamani. Futa kwa SHIFT, CLR, 1, =. Ukimaliza kuingiza, hakiki idadi kwa SHIFT 1 3 =. Kama swali lina namba 8 na kioo kinasema 16, umeshajua kilichotokea.

La tatu ni dogo lakini linaumiza. Kwenye mpangilio wa kuonyesha namba uitwao Norm 1, 1 ÷ 200 huonekana kama 5 na −03 ndogo pembeni. Wenye haraka huandika 5. Badili kwenda Norm 2 (MODE mara tano, 3, kisha 2) na kioo kitaandika 0.005.

Betri ya 991MS ni ya kifungo, LR44. Weka mpya wiki chache kabla ya mtihani, halafu urudie majaribio yale ya dukani, maana kutoa betri hurudisha baadhi ya mipangilio kwenye ya kiwandani, na R uliyoizoea inaweza kuwa imegeuka D.