Siku yangu kliniki ya wajawazito, Njombe

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa saba Njombe maji yanauma vidole. Chai ya moto, masweta mawili, natoka.

Saa 1:30 asubuhi benchi limeshajaa. Simpimi mtu presha kabla hajakaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini. Wengine wananung'unika kwamba nawachelewesha. Lakini aliyetoka kupanda mlima ukimpima hapohapo, unamsingizia ugonjwa.

Saa 3. Mama wa mimba ya tatu, wiki 12, ana kovu shingoni, alitolewa rovu. Nyanda hizi bibi zetu wengi walikuwa nalo, enzi chumvi haijatiwa madini joto. Anatumia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, na anaimeza pamoja na vidonge vya kuongeza damu, "nisije nikasahau, nesi." Kumbe ndiyo shida yenyewe! Madini chuma yanaizuia dawa ya tezi isinyonywe tumboni. Tumekubaliana zipishane saa 4 au zaidi: ya tezi alfajiri kabla ya chai, ya damu usiku. Nimempeleka kwa daktari apimwe homoni upya, maana mimba hudai dozi kubwa zaidi, na tezi ikizembea mimba inaweza kuharibika au presha ikapanda.

Saa 5. Binti wa mimba ya kwanza, wiki 34, uso umemvimba. Amekuja na mama mkwe wake.

"Kuvimba huko ni mtoto wa kiume," mama mkwe ananiambia.

Presha 158/108. Namuuliza binti kuhusu kichwa. Kinamuuma tangu juzi, na macho yanaona vimulimuli. Narudia baada ya dakika 15: 164/112. Mkojo una protini, plasi tatu. Hapo benchi linasubiri.

Daktari anaagiza nifedipini ya kushusha presha na magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 5 kila tako. Sindano za tako zinauma vibaya, binti amening'ang'ania mkono. "Vumilia, mdogo wangu." Kila mara nagonga goti lake na kuhesabu pumzi. Goti lisiporuka, dawa imezidi, ndiyo maana kalsiamu ya kuipunguza makali iko tayari kwenye trei.

Saa 7 mchana gari la wagonjwa linaondoka, mimi nimekaa pembeni yake na nyundo yangu ya magoti. Njiani mama mkwe hakusema neno.

Saa 11 jioni nimerudi, kumalizia rejista. Chakula cha mchana nimekula saa hiyo, kimepoa.

Saa 3 usiku simu inaita. Ni mama mkwe. Binti amejifungua kwa upasuaji, mtoto ana kilo 1.9.

"Wa kike," anasema, kama vile ananidai.

"Hongera, mama. Presha yake wanaipima?"

"Si ameshazaa, nesi? Presha ya nini tena?"

Nikavuta kiti. Kifafa kinaweza kumjia hata baada ya kujifungua, na salio la simu lilikuwa lake.