Nilipiga Picha Nyumba Siyo

Rupia 350. Natanguliza hesabu hiyo kwa sababu hadi leo haijanitoka rohoni. Kijana wa mapokezi kwenye gesti alikuwa ameniambia kutoka hospitali hadi Vidhana Soudha, jengo la bunge, nisilipe zaidi ya 150, nami nikaapa sitalipa. Lakini dereva wa tuktuk alikuwa amefunika mita yake kwa kitambaa kama anayefunika maiti, manyunyu yalikuwa yameanza, na maneno yangu yote ya Kihindi, niliyookota Biashara Street tangu utotoni, hayakunifaa kitu. Kumbe yale ni Kigujarati. Bengaluru, kusini mwa India, husema Kikannada. Dereva alinisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyefungua redio ya nchi nyingine, kisha akarudia bei ileile.

Nilikuwa huko kwa ajili ya mama mdogo na valvu ya moyo wake. Siku tisa za hospitali naziruka, anayezijua anazijua. Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Gesti nayo ilikuwa rupia 1,800 kwa usiku, maji ya moto kwa muda wa saa mbili tu alfajiri, kupika marufuku. Mimi nimehudumu hotelini Mombasa miaka kumi na minne. Shuka nikiliona najua limefuliwa lini, na lile langu afadhali ninyamaze. Siku ya kumi mama mdogo alinitazama nilivyojikunyata pembeni ya kitanda, akasema, "Hebu nenda ukatembee, mwanangu, uso huo wanitia ugonjwa mwingine. Na uniletee picha ya kitu kizuri."

Kitu kizuri chenyewe kilikuwa kwenye kalenda ya mapokezi: jengo la bunge la jimbo la Karnataka.

Dereva alinishusha mbele ya jengo refu la mawe meupe, lenye kuba na nguzo za kupendeza. Nikasahau zile 350. Nilipiga picha zisizopungua arobaini, nyingine mimi mwenyewe nikiwa mbele na jengo limenitokea kichwani kama kilemba. Nikamtumia mama mdogo, nikatuma na kwenye kundi la familia. Mashaallah zikamiminika kutoka Kisauni hadi Muscat.

Ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa bustani ya Cubbon, palikuwa na muuza madafu. Rupia 60 dafu moja, karibu shilingi 90 za kwetu, na mtu wa pwani kununua dafu kwa bei hiyo ni aibu ya kuficha ukoo mzima. Nilinunua. Alilikata kwa panga mapigo matatu, akanitilia mrija, na nilipomaliza akalipasua na kunichongea kijiko cha kifuu nilie nyama. Hapo nikasikia niko nyumbani kidogo. Pembeni yangu mzee mmoja wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa karatasi alikuwa akinitazama muda mrefu.

"Umeipenda sana Vikasa Soudha," akasema kwa Kiingereza.

"Vidhana Soudha," nikamsahihisha. Mimi, mgeni wa siku kumi.

Mzee aliweka dafu lake chini polepole. "Mwanangu," akasema, "nimekuwa karani wa serikali kwenye Vidhana Soudha miaka thelathini na mmoja. Hiyo uliyoipiga picha ni ofisi. Ilijengwa juzi tu, miaka ya 2000, kwa sababu mafaili yalikosa pa kulala. Wameifananisha na ile yenyewe. Umeona maandishi?"

"Maandishi gani?"

Muuza madafu, ambaye nilidhani haelewi lugha yetu, alicheka mpaka akashika kigari chake.

Mzee hakucheka. Alinichukua kama mtoto aliyepotea sokoni, tukatembea mpaka mbele ya ile yenyewe, na hapo nikaelewa kwa nini pacha hatoshi. Ngazi pana, nguzo nene za mawe juu yake, kuba kubwa katikati, na juu ya kuba simba wa Ashoka, alama ya taifa la India. Na kwenye uso wa jengo, kwa Kikannada na kwa Kiingereza: Kazi ya serikali ni kazi ya Mungu. Nilisoma mara mbili. Nikafikiria foleni za ofisi zetu za kaunti, nikaguna. Mzee akasema hata wao huguna.

Mwenye kuandikisha maneno hayo ni Kengal Hanumanthaiah, Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, wakati huo likiitwa Mysore. Nehru, Waziri Mkuu wa India, aliweka jiwe la msingi mwaka 1951, na mpango wa awali ulikuwa nyumba ya kawaida. Inasimuliwa kwamba wageni kutoka Urusi walimuuliza Hanumanthaiah kwa nini mji wake hauna majengo ila ya Kizungu, na swali likamchoma. Akaufuta ule mchoro, akataka mawe ya kuchonga na nakshi za mahekalu. Gharama ilipita rupia milioni 17, na mjini zikawa kelele. Mwaka 1956 jengo likamalizika, na mwaka huohuo Hanumanthaiah akalazimika kujiuzulu. Aliyejenga hakukalia kiti.

Mzee alinigeuza mabega nitazame nyuma, jengo jekundu ng'ambo ya barabara, Attara Kacheri, ambalo sasa ni mahakama kuu. Bunge lilikuwa likikutana humo kabla ya kuhamia kwenye mawe haya. Na kabla ya hapo? Hapo ndipo alipoanza kutamba. Mwaka 1881, India ikiwa chini ya Waingereza, mfalme wa Mysore na waziri wake mkuu Rangacharlu waliita baraza la wawakilishi, watu 144, wengi wakiwa wenye mashamba na wafanyabiashara. Hawakuwa na uwezo wa kutunga hata sheria moja. Walikuja, wakasomewa hali ya nchi, wakatoa malalamiko yao kuhusu kodi na mabwawa, wakarudi makwao. Mwaka 1907 likaongezwa baraza jingine dogo la kutunga sheria, na ndiyo maana mpaka leo Karnataka ina nyumba mbili za bunge, wakati majimbo mengi ya India yana moja tu. Ya chini ina viti 224 vya kuchaguliwa na wananchi. Ya juu ina 75: theluthi wanachaguliwa na halmashauri za miji na vijiji, theluthi nyingine na wabunge wenyewe, saba na waliohitimu vyuo, saba na walimu, na 11 huteuliwa na gavana.

"Walimu wana wabunge wao?" nikauliza. Dada yangu ni mwalimu Kilifi. Nilitaka kumpigia simu palepale.

"Wanao. Lakini ikija hoja ya fedha, nyumba ya juu inaweza kuichelewesha siku 14 tu."

Na gavana nilimwelewa vibaya tangu mwanzo. Kwetu gavana tunampigia kura na kumtukana sisi wenyewe. Wa kwao huteuliwa na Rais wa India, anatoka Delhi, kazi yake kubwa ni kumwita mwenye wabunge wengi aunde serikali. Ni kazi ndogo mpaka siku hesabu inapobana.

Nikauliza, kama mtu wa hoteli, swali ambalo mtalii mwingine asingeuliza: wakati wa kikao, wabunge wa mbali hulala wapi?

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. "Wakati gani? Wa amani au wa kura?"

Kumbe siasa za huko zina sura nzima ya hoteli. Mwaka 1984 N. T. Rama Rao wa Andhra Pradesh, jimbo la jirani, alipong'olewa madarakani, wabunge wake waliletwa Karnataka wafichwe wasinunuliwe. Baadaye zamu ikawa ya Karnataka yenyewe. Mei 2018 uchaguzi haukutoa mshindi: chama cha BJP kilipata viti 104 na hakikufika nusu. Gavana akamwapisha B. S. Yediyurappa wa BJP awe Waziri Kiongozi na kumpa siku 15 za kuthibitisha wingi wake. Wapinzani wakawapakia wabunge wao kwenye mabasi, wakawafungia hotelini nje ya mji, kisha wakawapeleka Hyderabad. Mahakama ya Juu ikakata zile siku 15: kura ipigwe tarehe 19 Mei. Yediyurappa akajiuzulu kabla ya kuhesabiwa. Akaingia H. D. Kumaraswamy wa wapinzani, naye akadumu mwaka na kidogo. Julai 2019 baadhi ya wabunge wa upande wake walijiuzulu na kujichimbia hotelini Mumbai. Kujiuzulu kulikuwa na hesabu yake: tangu 1985 sheria inamvua kiti mbunge anayepiga kura kinyume cha agizo la chama, basi badala ya kupiga kura mbaya, unajiondoa, nyumba inapungua, na nusu yake inashuka. Tarehe 23 Julai wabunge waliokuwepo walisimama mstari kwa mstari wakahesabiwa vichwa: 99 kwa 105. Serikali ikaanguka. Spika akawavua viti wabunge 17, na uchaguzi mdogo ukafuata, wengi wao wakarudi kwa tiketi ya BJP.

Mzee alikuwa akichora hesabu hizo kwa kifuu cha dafu kwenye ukuta mfupi wa bustani, mistari na mistari, kama anayehesabu siku za kifungo.

"Lakini angalau walihesabiwa humu ndani," akasema. Mwaka 1989, S. R. Bommai alikuwa Waziri Kiongozi hapohapo. Gavana alipokea barua za wabunge wakisema wamemwacha. Siku moja baadaye baadhi yao wakasema sahihi zilipatikana kwa hila. Bommai akaomba bunge liitwe, ahesabiwe. Akanyimwa, serikali ikavunjwa kutoka Delhi. Alikwenda mahakamani, na hukumu ilitoka mwaka 1994, majaji tisa: wingi wa mtu hupimwa ndani ya nyumba, si kwenye sebule ya gavana. Kiti hakurudishiwa. Lakini zile siku 15 za mwaka 2018 zilikatwa kwa nguvu ya kesi yake.

Hapo nikamweleza mzee jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu nyumbani. Mwaka fulani bunge la kaunti moja ya bara, sitaitaja, lilikuja hotelini kwetu kwa "semina". Siku nne. Hakukuwa na ubao wala projekta. Simu zao zilikusanywa kwenye beseni la plastiki la buluu, lile tunaloosheea mboga, likafungiwa kwenye ofisi ya meneja. Nilikuwa zamu ya usiku. Saa nane hivi MCA mmoja, yaani mjumbe wa hilo bunge la kaunti, mtu mzima wa kitambi, aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma akiwa na soksi tu. Akaniomba simu. Nilidhani anataka kumpigia wa upande wa pili. Alimpigia mkewe, kumuuliza kama ng'ombe amezaa. Alizaa ndama jike. Akanishukuru, akala chapati mbili baridi amesimama, akarudi kitandani.

"Na bili ya hoteli?" mzee akauliza.

"Taslimu. Kwenye bahasha."

"Jina la nani?"

"Risiti haikuandikwa jina."

Mzee alitikisa kichwa kwa ile namna yao, ambayo sijajua hadi leo kama ni ndiyo au hapana. Akanilipia dafu la pili kwa lazima. Alipojua nililipa 350 kuja, alikasirika kuliko alivyokasirikia wabunge wote 17, akanisindikiza mpaka stesheni ya metro akahakikisha nimepanda.

Jioni nilimkuta mama mdogo amekaa mwenyewe, mto mgongoni, simu mkononi. Nilikuwa nimepiga picha mpya, za nyumba yenyewe, maandishi, simba na kila kitu. Nikaanza kumweleza kwamba zile za asubuhi zilikuwa za ofisi. Akanikatiza.

"Usinichanganye. Nishaiweka kwenye wasifu wangu, na mama Salma keshanipongeza."

Ipo mpaka leo. Ukimpigia, kabla hajapokea, inatokea Vikasa Soudha, nami mbele yake nimekenua meno.