Boksi la mimea kwa mijusi wa mchana hapa Dodoma

Adui wa kwanza wa mijusi wa mchana (Phelsuma) wanaofugwa ndani hapa Dodoma ni ukavu. Wengi wao wanataka unyevu wa asilimia 60 hadi 80, na upepo wetu wa Agosti hauachi hata tone. Funika nusu ya wavu wa juu wa boksi kwa kioo. Usizibe wote, hewa ikituama ukungu huota.

Kwa dume na jike wa aina ndogo, boksi la sentimita 45 kwa 45, kimo 60, linatosha. Madume wawili kamwe, watang'atana. Chini tandaza kokoto sentimita 4, kipande cha chandarua, kisha sentimita 8 za mboji iliyochanganywa na makumbi ya nazi. Bila chandarua udongo hushukia kwenye kokoto, maji hutuama na mizizi huoza. Simamisha mianzi wima. Humo ndimo wanamolala na kutaga. Kwa mimea, Sansevieria (mmea wa majani marefu yaliyosimama) ni chaguo zuri mno: jani lake gumu hubeba mjusi bila kupinda.

Jua la dirishani lisikudanganye. Kioo huzuia miale ya UVB (sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho), na mjusi anayeikosa hulegea mifupa, huku boksi likigeuka tanuri. Nunua taa ya UVB. Nyunyizia maji ya mvua asubuhi na jioni; ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe kwenye kioo wanacholamba.